Behewa la Tabora mezani kwangu

Nimepotea wiki mbili, msinilaumu, nilikuwa najenga behewa! Madukani hapa Uingereza treni ndogo zimejaa, ila ni za kwao. Langu ni la mizigo, la Reli ya Kati, kipimo cha 1 kwa 87, kwa hiyo reli yetu ya upana wa mita moja inabaki milimita 11 na nusu hivi. Kila kipande nimekikata kwa wembe kwenye shiti la plastiki.

Kazi hasa ni kulichakaza. Unapaka rangi ya kutu, ikikauka unalowanisha, unanyunyiza chumvi ya jikoni (mama watoto kanuna), unapaka rangi ya juu, halafu unaisugua chumvi itoke. Kutu inachungulia yenyewe.

Nikamtumia baba picha. Yeye alipakia mizigo stesheni ya Tabora miaka mingi. Akanipigia: "Mwanangu, hilo halijabeba kitu. Mlangoni safi kabisa. Sisi tulikuwa tunashika wapi?"

Usiku huu nimesaga chaki ya rangi ya udongo, nikaipaka pale mlangoni kwa kidole. Picha nimeshatuma. Nasubiri aamke.