Mwembe wa Uani na Wadudu Wake

Katika boma letu karibu na Rongo, enzi ambapo Migori na Homa Bay zingali zikijumuishwa katika wilaya moja ya Nyanza Kusini, mwembe wa uani ndio uliokuwa baraza la jamaa nzima: chini yake wageni walikaribishwa, mashauri ya mahari na mirathi yalikatwa, na watoto walilazwa adhuhuri jua lilipopamba moto. Kwa hiyo majani yake yalipotanda weusi mfano wa masizi, wazee walifadhaika, wakaufukiza kwa moshi wa samadi kavu. Na kilimo cha pamba kiliposhamiri ikaja dawa yake ya wadudu, ambayo ilinyunyizwa mwembeni pasi na kumtafautisha adui na rafiki.

Baba yangu mdogo ndiye aliyenifundisha njia nyingine. “Geuza jani kwanza, mwanangu,” aliniambia, “ndipo uulize dawa.” Nilipoligeuza niliwaona wadudu weupe, laini, wametanda kwenye mishipa ya jani wakifyonza utomvu. Uchafu wao ni maji matamu yanayodondokea majani ya chini. Ukungu mweusi huota juu ya utamu ule, na sisimizi wanaoufuata huwahami wadudu wale wasiliwe na maadui zao. Masizi yale, basi, yalikuwa alama tu ya maradhi. Tukayakata matawi yaliyogusa paa, tukafunga shina kwa kitambaa chenye grisi ili kuwazuia sisimizi, na mbawakawa wadogo wekundu wenye madoa meusi wakapata nafasi ya kuwala wadudu wale.

Elimu hiyo, ambayo naithamini hata leo kuliko chupa yoyote ya sumu, ilinifaa zaidi alipokuja inzi wa matunda kutoka Asia, aliyegunduliwa nchini Kenya mwaka 2003. Huyu hutaga ndani ya embe lenyewe. Mabuu hula nyama yake, tunda huanguka, nao hujizika udongoni hadi wawe inzi. Kunyunyizia majani kwafaa nini, ikiwa adui yumo tundani na ardhini?

Wataalamu wa ICIPE, taasisi ya utafiti wa wadudu iliyoasisiwa na Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970 na yenye kituo chake Mbita, ufukweni mwa Homa Bay, wamehimiza mitego yenye harufu inayowavuta madume, na wakaleta nyigu mdogo ambaye hutaga ndani ya mayai ya inzi huyo. Lililonistaajabisha zaidi ni hema la kutilia maembe yaliyooza, lenye wavu wa matundu yanayompitisha nyigu na kumzuia inzi.

Asiye na hema huokota maembe yaliyoanguka kila siku na kuyafukia shimoni, kina cha futi mbili au zaidi. Inzi hajui mpaka wala ua. Kwa sababu hiyo, msimu wa maembe ukiwadia, mimi huwapitia majirani kwanza tukubaliane kuokota sote, kisha ndipo nichukue jembe.