Maporomoko ya Tanga: Usipime Kimo, Fuata Maji

Soni

Anayetoka Dar es Salaam kwenda Arusha hupita Mombo akiwa na haraka ya kufika. Akikata kulia kuelekea Lushoto, haraka inamtoka yenyewe. Barabara inapanda kwa kona juu ya kona, ukingoni mwa korongo, na abiria wa kosta wanaanza kushika viti vya mbele yao. Joto la tambarare linabaki chini. Nusu ya mlima mji wa Soni unajitokeza, na maporomoko yake unayaona ukiwa bado ndani ya gari.

Si marefu. Mto unashuka juu ya miamba kwa mikupuo, ukipungua kiangazi na kufura masika. Wenyeji wanapita na matenga ya kabichi na karoti bila kuyatupia jicho. Wauza plamsi na peasi wanatazama magari. Mgeni aliyezoea picha za Maporomoko ya Victoria atauliza, "Ndiyo haya tu?"

Swali hilo lina jibu Mombo, kule alikopita mbio. Mto huohuo ukifika chini hugawanywa mifereji, na mashamba ya mpunga ya Mombo yanaishi kwa maji yake. Yanayobaki huingia Mto Mkomazi, nao hujimwaga katika Mto Pangani. Nikaamua nisihesabu kimo cha maporomoko tena. Niulize maji yakitoka hapo yanakwenda wapi.

Triberg, kwa kulinganisha

Wajerumani waliotawala huku waliipenda Lushoto kwa baridi yake, wakaiita Wilhelmstal. Kwao wana Schwarzwald, nchi ya milima yenye misonobari, vijito na makorongo, na humo umo mji mdogo wa Triberg. Nilifika huko nikiwa mgeni wa jamaa aishiye kusini mwa Ujerumani. Mto Gutach unashuka mita 163 kwa hatua kadhaa. Unakata tiketi getini, unafuata njia yenye kingo za mbao, unapiga picha, unanunua saa ya ukutani yenye ndege, unarudi.

Ungedhani wao wanatazama maji na sisi tunayatumia. Sivyo. Mwaka 1884 nguvu ya maji ya Triberg ilikuwa imeshawasha taa za umeme barabarani. Maji hayohayo yanayotazamwa yalifanya kazi pia.

Zigi na Kwamkuyo

Usambara ya mashariki haina kiyoyozi cha Lushoto. Ukitoka Muheza kwenda Amani unaingia msitu wa unyevunyevu, wenye harufu ya majani mabichi na, penye mashamba, iliki. Zigi ilikuwa mwisho wa reli ndogo ya Wajerumani iliyojengwa kati ya 1904 na 1910, kwa ajili ya mbao. Juu yake, Amani, walianzisha mwaka 1902 kituo cha utafiti wa mimea na kilimo, wakapanda miti ya kila pembe ya dunia. Tangu 1997 eneo hilo ni Hifadhi ya Mazingira Asilia.

Maporomoko ya Kwamkuyo yamo katika msitu huu. Hapa huoni kwanza, unasikia. Njia inateleza, na aliyevaa kandambili atajuta. Kijana aliyetuongoza alimgeukia mwenzangu wa Tanga mjini.

"Dada, nyumbani kwenu mna bomba?"

"Lipo."

"Basi ushayanywa haya."

Hakuwa akitania. Vijito vya huku vinalisha Mto Zigi, Zigi unaingia bwawa la Mabayani, na bwawa hilo ndilo linalonywesha jiji la Tanga. Anayelima hadi ukingoni mwa kijito, udongo wake unaishia bwawani. Kwa sababu hiyo wakulima wa bonde wana umoja wao wa uhifadhi, UWAMAKIZI. Na mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga iliuza hatifungani ya kijani, ikitafuta shilingi bilioni 53.12 za kupanua miundombinu ya maji. Mtu wa Dar es Salaam aliyeinunua ameweka akiba yake kwenye kijito cha Amani, hata kama hajawahi kukiona.

Hale

Mto Pangani unaanzia maji ya Kilimanjaro na Meru. Ya Soni unayapokea njiani. Karibu na Hale mto unaanguka kutoka nyanda kwenda pwani, na hapo ndipo umeme ulipowekwa: mitambo ya kwanza miaka ya 1930, Hale yenye megawati 21 mwaka 1964, kisha Pangani Mpya yenye megawati 68 katikati ya miaka ya 1990.

Kwa mpiga picha, hapa ni hasara, kwa kuwa maji mengi yanapitishwa kwenye handaki hadi kwenye mitambo.

"Shikamoo babu. Maporomoko yako wapi?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Yamo kwenye waya."

Mzee alinionyesha nguzo zinazoshuka kuelekea Tanga. Triberg maporomoko yaliwasha taa na bado yanatazamwa. Hapa ilibidi kuchagua. Na bado mto haujamaliza deni lake: Pangani mjini, ukiishiwa nguvu, bahari inaupanda na maji ya wakulima yanaingia chumvi.

Amboni

Kaskazini ya jiji la Tanga, Mto Mkulumuzi unapita penye mapango ya Amboni, katika mawe ya chokaa. Hapa maji hayakuanguka, yalitoboa. Katika miamba ya namna hii, na kwenye majabali yenye kivuli Usambara, mtawala wa Kijerumani Walter von Saint Paul-Illaire alikuta ua dogo la zambarau. Mbegu zikaenda kwao, na mwaka 1893 Hermann Wendland wa Hannover akalipa jina la kitaalamu: Saintpaulia. Leo linauzwa kwenye vyungu katika maduka ya Ulaya. Porini huku linategemea kivuli na unyevu wa makorongo ambayo misitu yake inapungua.

Hesabu

Kwa mwenye siku chache: Soni kwa wepesi wa kufika, Kwamkuyo kwa msitu, Hale kwa kuelewa. Nenda mvua zikishapungua, si zikinyesha, maana barabara ya Amani haina huruma.

Triberg anayetazama ndiye anayelipa, na mji unapata. Tanga analipa anayekunywa na anayewasha taa, lakini mkulima wa Zigi anayeacha ukanda wa shamba lake bila jembe ili kijito kisichafuke hulipa zaidi ya wote. Bili ya maji ya Tanga ingekuwa na mstari mmoja wa fungu la mkulima huyo, nisingetamani Kwamkuyo pawe na lango la tiketi kama la Triberg.