Likizo Isiyo na Mapumziko: Safari za Desemba Kutoka Laiser Hill

Atokaye Nairobi kwa barabara ya Magadi, akiisha kuvuka mto Mbagathi, huingia Ongata Rongai katika nchi ya Kajiado. Maana ya jina hilo kwa Kimaasai ni uwanda mwembamba, ingawa leo uwanda wenyewe hauonekani kwa wingi wa maduka na nyumba za ghorofa. Huko ndiko iliko Laiser Hill, jina ambalo wengi hulijua kwa sababu ya shule. Laiser ni ukoo wa Kimaasai, ukoo waliotoka maloiboni wakuu, akina Mbatian na mwanawe Lenana aliyekufa mwaka 1911. Magharibi husimama vilima vya Ngong. Mashariki, ng'ambo ya hifadhi ya wanyama iliyowekwa mwaka 1946, ziko mbuga za Kitengela.

Shule zifungapo mwisho wa mwaka, barabara hiyo hujaa masanduku ya bati, magodoro yaliyokunjwa, na watoto wenye furaha. Wazazi wao nao huhesabu siku. Wengi si wenyeji wa Kajiado. Walihamia Rongai na Kitengela kwa ajili ya kazi za mjini, na kwao ni Kakamega, Kisii, Siaya au Machakos. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa mfanyakazi wa Kenya siku za kazi zisizopungua 21 za likizo yenye malipo kila mwaka, na wengi huziweka akiba ili wazitumie Desemba. Hapana shaka nia yao ni kupumzika. Lakini yafaa kumtazama mtu huyo anaporudi Januari: macho mekundu, mfuko mtupu, na hasira za karibu.

Safari yenyewe ndiyo mwanzo wa uchovu. Baba wa nyumba hutoka kazini jioni, usiku hufunga mizigo, na alfajiri yuko stendi akibishana juu ya nauli, ambayo wakati wa Krismasi hupanda bila haya. Kutoka hapo mpaka Kakamega ni mwendo wa kutwa nzima, mtoto mmoja mapajani na mfuko wa mkate na sukari miguuni. Afikapo, mama yake humlaki kwa vigelegele, kisha humwambia, "Mwanangu, afadhali umekuja. Paa la jikoni linavuja, na wajomba zako wanakungoja tangu juzi kwa shauri la mahari ya dada yako."

"Nimekuja kupumzika kidogo, mama."

"Utapumzika, baba. Kwanza wasikilize wazee."

Basi wazee husikilizwa. Kesho yake kuna harambee ya kanisa, na keshokutwa mazishi ambayo hayawezi kukosekana. Halafu huja ndugu, mmoja mmoja, kila mtu na karo ya mtoto wake. Mke naye, aliyedhaniwa kuwa mgeni, yuko jikoni tangu jogoo la kwanza, akipikia watu ishirini kwa kuni mbichi. Likizo yake ni nzito kuliko ya mumewe, ila ni nadra mtu kumwuliza.

Hata usingizi wa ugenini haumfai mtu upesi. Mwaka 2016 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, walichunguza watu waliolala mahali wasipopazoea, wakaona kwamba usiku wa kwanza upande mmoja wa ubongo haulali sawasawa na wa pili, bali hukaa macho kama mlinzi na kusikiliza kila kishindo. Huko Uholanzi nako watu 1,530 waliulizwa habari za furaha yao, na 974 kati yao walikuwa wamekwenda likizo. Matokeo yalitolewa mwaka 2010: waliosafiri walikuwa na furaha zaidi kabla ya kuondoka, baada ya kurudi hawakuwazidi waliobaki nyumbani, isipokuwa wale ambao likizo yao ilikuwa tulivu sana.

Wako pia waendao Mombasa badala ya kwao, na tangu mwaka 2017 reli mpya imewapunguzia taabu ya njia. Lakini siku tatu za pwani hujazwa mambo ya siku kumi, na jua la huko halina huruma kwa mtu aliyezoea upepo wa Ngong.

Kurudi ndiko kubaya zaidi, kwa kuwa wote hurudi pamoja. Kila mtu ataka kula siku ya mwisho ya likizo mpaka makombo, kisha asafiri usiku ili asubuhi awe kazini. Dereva naye amekuwa njiani majuma mawili. Alfajiri ya tarehe 31 Desemba 2017, basi la abiria liligongana na lori huko Migaa, karibu na Salgaa, na watu 36 wakafa. Ndipo serikali ikapiga marufuku mabasi kusafiri usiku kwa muda.

Ajabu ni kwamba nchi hii iliwahi kuwa mahali pa kupumzikia wasafiri. Karibu na vilima vya Ngong palikuwa na kambi mashuhuri ya misafara ya pwani, Ngongo Bagas. Joseph Thomson alifika hapo mwaka 1883 pamoja na Jumba Kimameta, mfanyabiashara wa Pangani. Haikuwa kambi ya anasa, kwani walijizungushia boma la miiba kwa hofu. Lakini misafara ilikaa hapo siku kadhaa, ikinunua vyakula vya Wakikuyu kabla ya kuingia katika nchi isiyolimwa. Njiani desturi ilikuwa kuondoka kabla ya jua na kutua mizigo likiwa bado juu. Siku za kukaa ziliingia katika hesabu ya safari, sawa na posho.

Kumwona mama si kosa, na paa lake lazima liezekwe. Ila hiyo ni kazi, na ingeandikwa kazi. Ziko jamaa chache za Rongai ambazo sasa hurudi siku tatu kabla ya likizo kwisha, zikafunga mlango na kulala. Majirani huwadhania wagonjwa.

Wengine hufika Jumapili usiku wa manane. Jumatatu alfajiri baba yuko tena kituoni, shati limepigwa pasi upande mmoja tu, akipanda matatu ya mjini. Kabla gari halijafika Bomas, amekwisha lala, kichwa kikigonga kioo.