Mangi wa Changanyikeni

Habari ya msiba wa Mangi ilitufikia kwenye grupu la WhatsApp la tuliosoma Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kabla jua halijazama rambirambi zilikuwa zinaingia kwa M-Pesa. Mpwa wangu, aliye mwaka wa pili chuoni, akanichungulia begani. "Mjomba, huyo alikuwa mhadhiri wenu?" Nikamwambia alikuwa muuza duka. Akashangaa: muuza duka anachangiwa na mahakimu na madaktari? Uchungu ulinishika. Kuna jambo hatujawasimulia watoto wetu.

Duka lake lilikuwa Changanyikeni, pale njia ya miguu ya kutoka chuoni inapoibukia kwenye nyumba za watu. Ukiingia unapokewa na harufu ya mafuta ya taa, sabuni ya mche na dagaa wa Kigoma, na asubuhi harufu ya mkate ikijitahidi kuzishinda zote. Mangi alisimama nyuma ya mizani, penseli sikioni, kaunta buku wazi mbele yake. Kurasa za mbele zilikuwa za madeni, kama za duka lolote. Za nyuma zilikuwa zetu: jina, kitivo, mkoa, jina la mzazi, na sanduku la posta la shule, kanisa au msikiti ambako barua ikifika itamfikia. Hakuna aliyemtuma aandike. Alikuuliza huku anapima sukari, nawe ukajikuta umeshamweleza mpaka ugonjwa wa mama yako.

Chuo kilifungwa Mei 1990, tukaambiwa turudi makwetu. Nimetafuta tarehe, ni 12. Lakini tarehe si kitu. Tuliotoka bara tulikuwa na mabegi mkononi na mfukoni hakuna nauli. Mangi alifungua zile kurasa za nyuma akaanza kutupanga: wewe wa Tabora na huyu wa Urambo mtapanda treni moja, wewe wa Mwanza utabeba barua ya mwenzako wa Shinyanga. Asiye na nauli ya daraja la tatu alimkopesha, na mbele ya jina hakuandika siku ya kulipa. Wengine walimlipa baada ya kuajiriwa.

Mwenzetu mmoja wa Kasulu hakuondoka. Alipanga chumba kulekule Changanyikeni akitafuta kibarua, na kila asubuhi alinunua nusu mkate kwa Mangi. Asubuhi moja hakuja. Ya pili hakuja. Mangi akafunga duka, mchana kweupe, wateja wamesimama, akaenda kugonga mlango. Akamkuta na malaria imeshampanda kichwani, anaongea na watu wasiokuwepo. Akampakia kwenye pikapu ya muuza mkaa hadi Mwananyamala. Yule mwenzetu sasa ana wajukuu, na ndiye aliyetuma rambirambi ya kwanza.

Baadaye mambo yalikwenda mbio. Zikaja simu za kadi, foleni hadi usiku. Zikaja za mkononi na kubipu. Bodi ya Mikopo ikaanza kazi 2005, bumu, hela ya kujikimu, likawa ndiyo kalenda ya mwanafunzi. M-Pesa ikaingia kwetu 2008, na hawala za posta zikasahaulika. Sikuzililia. Mzazi wa Sumbawanga kumtumia mwanawe hela ya dawa ndani ya dakika moja ni neema kubwa, na nilikasirika mno Julai 2021 tozo za miamala zilipowekwa hata juu ya hela ya namna hiyo.

Machi 2020, vyuo vilipofungwa kwa corona, dada yake huyu mpwa wangu alikuwa mwakilishi wa darasa lake. Aliorodhesha kwenye grupu nani kakwama, nani anadaiwa kodi, na usiku uleule michango ikatumwa. Kazi njema kabisa. Ila orodha ilikuwa ya wenye bando. Msichana mmoja aliyeuza simu yake apate chakula hakuwemo, na walimkumbuka Juni, vyuo vilipofunguliwa.

Leo chuo cha mpwa wangu kina programu ya simu ya ustawi wa wanafunzi. Nimeitazama: kitufe chekundu cha dharura, fomu ndefu, kisha maandishi kwamba ombi limepokelewa. Mpwa wangu aliomba ushauri humo baada ya kufiwa na baba yake, bado anasubiri. Haifunguki bila intaneti, wakati kitochi chochote kinafungua *150*00# ya M-Pesa bila bando. Na inamngoja mwenye shida aanze yeye. Mgonjwa wa Kasulu angebonyeza nini?

Nilimwambia mpwa wangu kwamba programu kama hiyo ingepaswa kumwonyesha mlezi wa bweni, kila jioni, nani amenyamaza ghafla, ili aende kugonga mlango. Akakataa papo hapo. "Mjomba, hiyo ni kutuchunguza. Kuna sheria ya taarifa binafsi siku hizi." Ni kweli, ipo tangu 2022, na hoja yake ni nzito. Mangi tulimweleza wenyewe, kwa hiari, tukimjua sura. Tulibishana mpaka usiku, tukakubaliana hivi: mwanafunzi amtaje mwenyewe siku ya kujiandikisha, mtu mmoja anayemwamini wa kujulishwa akinyamaza, awe mwenzake au mama ntilie, na jina hilo aweze kulibadili atakapo. Nikamuuliza yeye angemwandika nani. Akataja muuza chipsi wa karibu na geto lake.