"Asali Chukua, Watoto Niachie!"

Mambo ya marejesho bwana! Huko Madimba, Mtwara, deni la pikipiki nusura limalize mzinga wa nyuki, na ndoa nayo. Majina ya wahusika yabaki kapuni.

Jamaa alikuwa kibarua enzi za ujenzi wa mtambo wa gesi. Mwaka 2015 mtambo ukakamilika, vibarua wakarudi majumbani, naye akachukua bodaboda ya mkopo. Marejesho yakamshinda. Siku moja akaingia nyumbani macho juu, barazani, pale unaponing'inia mzinga wa gogo ambao mkewe aliachiwa na babu yake. Ndani mna nyuki wadogo, wale wasiouma. Asali yao watu huinunua kama dawa ya kifua, na bei yake imechangamka kuliko asali ya kawaida.

"Tupasue, tukamue yote," akasema.

Mke hakubisha. Gogo likafunguliwa. Pembeni kuna vijungu vya nta vimejaa asali, katikati vifukofuko vyeupe-vyeupe kama shanga. Jamaa akapeleka mkono avizoe navyo. Mama akamdaka: "Baba, asali chukua, watoto niachie."

Akamwelewesha taratibu. Vile vya kahawia ndani yake mna yai linaloelea juu ya chakula chepesi; ukivipindua, yai linazama. Vile vyeupe vimekomaa, nyuki wanakaribia kutoka, na hivyo ndivyo vinavyohamishika. Akahamishia nusu kwenye gogo jipya, pamoja na kile kikubwa cha malkia. Nyufa akaziba kwa udongo, inzi wasifuate asali iliyomwagika. Waya wa kuning'inizia akaupaka oili chafu kuzuia sisimizi. Oili yenyewe ilitoka kwenye pikipiki ileile.

Asali haikufika hata lita. Deni halikuisha, jamaa alilipa kidogo kidogo, nyingine kwa kupalilia mashamba ya watu. Ila mikorosho ilipochanua, gogo la pili lilikuwa limeshaota kimrija cha nta mlangoni, nyuki wanaingia na kutoka.

Siku hizi jirani akiwasha mashine kupulizia dawa mikorosho asubuhi, kuna mtu hutoka mbio kumwomba asubiri jioni, nyuki wakisharudi ndani. Si mama. Ni yuleyule aliyetaka kukamua yote.