Usimlaze Mtoto kwa Dawa ya Mafua

Tanga

Mwanangu mpendwa,

Baba yako uvimbe wa mguu umepungua na sasa anakwenda msikitini mwenyewe. Ujumbe wako nimeusoma. Unauliza kama kuna ubaya kumpa mtoto nusu kijiko cha Phenergan usiku, kwa kuwa mwenzio kazini amekwambia wanawe wote aliwakuza hivyo na hawakupata neno. Sikutaka kukujibu kwa simu. Kwa simu utaniitikia "sawa shangazi", halafu saa nane usiku mtoto analia, mumeo yuko safarini, na chupa iko kabatini. Barua utaitoa uisome tena.

Usimpe. Mjukuu wangu ana mwaka mmoja na miezi minne, na dawa hii hapewi mtoto ambaye hajatimiza miaka miwili, iwe kwa mafua, kwa kikohozi au kwa kumlaza. Hayo si ya kwangu peke yangu. Mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliagiza onyo lake liandikwe ndani ya kisanduku, mahali pa maonyo mazito kuliko yote, baada ya taarifa za watoto wadogo walioishiwa pumzi baada ya kuinywa, wengine wakafa. Na vipimo walivyokuwa wamepewa havikufanana hata kidogo. Hapo ndipo pa kuogopa, mwanangu. Hakuna mtu anayeweza kukuonyesha mstari kwenye kijiko akasema chini ya hapa ni salama. Wana wa mwenzio walinusurika, na namshukuru Mungu kwa ajili yao, lakini kunusurika kwao hakukuhakikishii wewe lolote kuhusu pumzi ya mwanao.

Nataka uijue dawa yenyewe, maana ukiijua hutahitaji kukatazwa. Jina lake la kitaalamu ni promethazini, dawa ya aleji ya kizazi cha zamani. Mwili ukikutana na kitu usichopatana nacho hutoa histamini, na hiyo ndiyo inayoleta kuwashwa, chafya na macho kutoa machozi. Dawa huizuia. Lakini histamini hiyohiyo ina kazi nyingine ndani ya ubongo: ni miongoni mwa vitu vinavyotuweka macho. Dawa mpya za aleji, kama loratadini, haziingii sana kwenye ubongo. Promethazini inaingia. Kwa hiyo unapomwona mtoto amelala, usidhani mafua yamepoa akapata nafuu. Mafua yako palepale. Ubongo wake ndio uliozuiwa kukaa macho.

Ilitoka Ufaransa miaka ya 1940, katika maabara za kampuni ya Rhône-Poulenc, kwa mikono ya mkemia Paul Charpentier. Daktari mmoja mpasuaji wa jeshi la majini, Henri Laborit, aliitumia kwa wagonjwa wake wa upasuaji akaona wanatulia kwa namna isiyo ya kawaida, kama watu wasiojali linalowasubiri. Watafiti wakaifuata njia hiyo, na mwezi Desemba 1950 Charpentier akatengeneza klorpromazini, ile tunayoiita Largactil, ambayo kuanzia 1952 ilibadilisha tiba ya wagonjwa wa akili dunia nzima. Sisi wauguzi Largactil tunaijua. Mgonjwa akichomwa hiyo hatukumwacha peke yake, tulimpima presha, tukamwangalia anavyopumua. Sasa promethazini ni ndugu yake wa tumbo moja, na inakaa kwenye makabati yetu karibu na sukari, kwa sababu imewekwa kwenye maji matamu.

Sikulaumu kwa kuiona dawa nyepesi. Mazoea hayo mmeyakuta kwetu. Enzi za klorokwini watu wengi walikuwa wakiimeza wanawashwa mwili mzima, wanajikuna usiku kucha, basi ikawa vidonge vya malaria havitoki dirishani bila Piriton, nayo dawa ya aleji, pembeni. Klorokwini iliachwa kuwa dawa ya kwanza ya malaria nchini mwaka 2001, lakini Piriton na jamaa zake wakabaki majumbani kama wageni waliokosa wa kuwaaga. Mtu anapiga chafya, anameza. Amekosa usingizi, anameza. Mtoto analia, anapewa.

Wodini aliwahi kuletwa mtoto alfajiri, wa kiume, hajatimiza mwaka. Mama alimpa promethazini baada ya isha ili alale. Badala ya kulala akawa kama amepagawa, anarusha miguu, anapiga kelele, hashikiki. Hiyo inatokea: dawa hii kwa baadhi ya watoto huanza kwa kuwachachamaza kabla ya kuwalegeza. Mama hakujua, akaona dozi haikutosha, akamwongeza. Baadaye bibi akaamka, hana habari kwamba mtoto amekwishapewa, naye akampa. Alipofika kwetu shingo ilikuwa haikazi, midomo mikavu kabisa, mboni za macho zimepanuka, na ukimtazama kifua ilibidi usubiri ndipo uone kinapanda. Tulimwekea oksijeni tukakaa naye mpaka jua likawaka. Alipona, alhamdulillahi. Yule mama hakuwa mzembe. Alifanya alichoambiwa na watu wanaompenda mwanawe, na ndiyo maana nakwambia jambo hili kwa urefu.

Kuna hatari nyingine ambayo watu hawaisemi. Mtoto akiumwa, sisi wauguzi tumefundishwa kutazama dalili chache za hatari kabla ya jambo lingine lolote: hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila anachopewa, amepata degedege, au amelegea mno na haamki vizuri. Ile ya mwisho ndiyo inayotushtua kwa malaria kali, kwa homa ya uti wa mgongo, kwa nimonia iliyokwenda mbali. Ukimpa promethazini umemlegeza wewe mwenyewe. Asubuhi utamkuta amelala, utasema dawa bado inamshika, utamfunika vizuri uende kazini, kumbe ugonjwa ndio uliomshika. Hata daktari utampa kazi ya kubahatisha.

Badala ya chupa, jifunze kuhesabu pumzi. Msubiri atulie, asiwe analia wala ananyonya. Mfunue nguo ya juu, taa iwake, weka simu yako ihesabu dakika nzima, si nusu dakika ukazidisha mara mbili. Kila tumbo au kifua kinapoinuka ni pumzi moja. Kwa umri wake, akifika 40 au zaidi kwa dakika anapumua haraka, mpeleke kituo cha afya. Wa miezi miwili hadi kabla ya mwaka mpaka wake ni 50. Angalia pia kama nyama ya chini ya mbavu inaingia ndani anapovuta hewa. Ukiiona hiyo, usingoje kuche.

Kama hakuna dalili hizo, ni mafua tu na pua iliyoziba, na mafua huisha yenyewe. Mtie matone ya maji ya chumvi puani kabla ya kunyonya na kabla ya kulala. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi. Kwa kuwa amevuka mwaka, unaweza kumpa kijiko kidogo cha asali kwa ajili ya kikohozi. Aliye chini ya mwaka hapewi asali kabisa. Homa ikiwepo apimwe malaria, na waambie wamwangalie masikio, maana mtoto anayelia kila akilazwa mara nyingi sikio ndilo linalomuuma. Na pengine hana lolote. Watoto wa umri huu huamka usiku. Wewe mwenyewe uliamka hadi miaka mitatu, muulize baba yako.

Sasa nije kwako. Umeandika kwamba na wewe umekuwa ukimeza kidonge kimoja cha Phenergan ili upate usingizi, ukakitaja kama jambo dogo. Dawa hii huweza kukaa na mtu saa nyingi, asubuhi ukaamka kichwa kizito, ukapanda daladala huku hujielewi. Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba mtoto analala kitandani mwako. Mama mwenye usingizi wake wa kawaida hushtuka mtoto akisogea, lakini aliyemeza dawa ya kulegeza anaweza kumlalia asijue. Acha leo. Bado unanyonyesha, na dawa yoyote ya kulevya ubongo unayomeza usiihesabu kuwa yako peke yako. Usingizi ukikukataa wiki nzima nenda kwa daktari umweleze yote, na ile huzuni uliyonidokeza mwezi uliopita pia umweleze. Hiyo ina tiba yake, na si hii.

Sisemi dawa ni mbaya. Mtu mzima anayekwenda Pemba kwa boti na bahari inamtesa, kidonge cha miligramu 25 alichoandikiwa, akakimeza nusu saa au saa moja kabla ya safari, kitamsaidia sana, maadamu hanywi pombe, hamezi dawa nyingine za usingizi, na akishuka hashiki usukani. Kwa baba yako nimeikataza. Ana tezi dume, na dawa hii inaweza kumfungia mkojo kabisa; wazee huwafanya pia wachanganyikiwe na kuanguka. Na mdogo wako aliyeko chuoni mwambie, kwa maneno yako, maana mimi atanisikiliza tu kwa adabu: vijana wanaochanganya dawa ya kikohozi yenye kodeini na promethazini kwenye soda wanaunganisha vitu viwili vinavyozimisha pumzi. Mtindo huo ulivumishwa na wanamuziki wa Houston, Texas. Mmoja wa watu wa fani hiyo, Pimp C, alikutwa amekufa hotelini Desemba 2007, na uchunguzi wa maiti ulitaja mchanganyiko huohuo pamoja na tatizo lake la kukatika pumzi usingizini.

Dawa yoyote ya maji unayomnunulia mtoto, inunue duka linalotambulika, lenye mtu aliyesomea, usome jina, tarehe na kipimo. Mwaka 2022 huko Gambia watoto zaidi ya 60 walikufa kwa figo kushindwa kazi, na Shirika la Afya Duniani likatoa tahadhari juu ya dawa nne za maji zilizokutwa na sumu, mojawapo ikiwa na jina la promethazini. Pale kosa lilikuwa la watengenezaji, si la promethazini yenyewe, lakini mama dukani hawezi kuonja akajua. Na kipimo usikitoe kwa kijiko cha jikoni. Vijiko vya chai nyumbani mwako tu havilingani, vitazame. Tumia kikombe au bomba linalokuja na dawa.

Dada anayekusaidia kazi usimshuku wala usimtishe. Kaa naye, mweleze kama nilivyokueleza, mwambie mtoto akilia sana apige simu na hutamkaripia. Msichana anayeogopa kukaripiwa ndiye anayetafuta njia ya kumnyamazisha mtoto.

Na kama kabla barua hii haijafika umekwishampa, mwangalie sasa hivi. Akiwa haamki vizuri, anapumua polepole au kwa kukatakata, amekuwa wa moto na mkavu bila jasho, au anashtukashtuka, mpeleke hospitali haraka, na chupa uichukue. Usimtapishe. Usimnyweshe maziwa wala mafuta, mtoto aliyelegea atayavuta mapafuni. Mlaze ubavu njia nzima. Waambie ukweli ulimpa nini, kiasi gani na saa ngapi. Hakuna muuguzi mwenye akili atakayekuhukumu, na akikuhukumu bado mwambie.

Chupa iliyopo ifunge, ipeleke duka la dawa au kituo cha afya waiteketeze. Usimpe jirani.

Najua umechoka. Hilo ndilo lililoko nyuma ya swali lako, na dawa ya kuchoka kwako ni mtu wa kukupokea mtoto. Nimeshaongea na baba yako, mama mdogo atakuja huku kukaa naye. Jumamosi napanda basi la asubuhi, niwekee godoro chumba cha mtoto. Usiku huo atalala na mimi, na wewe funga mlango wako ulale.

Wako akupendaye,
Shangazi