Samaki wa kwetu na mawe ya kijani

Leo nataka kuwaelezea jambo lililonipata nyumbani kwetu Kasulo, tena ni jambo la haya kidogo.

Wakati wa likizo mjomba wangu mwenye bwawa alinipa tilapia wadogo 6 ndani ya bido. Nikawaweka katika sanduku la kioo, nikamwaga maji ya robine. Ili pawe pazuri, nikapanga chini mawe ya malakite, yale ya kijani. Sisi wa Kasulo mawe hatukosi. Tangu mwaka 2014, watu walipoanza kuchimba kobalti hata chini ya nyumba zao, watoto wanaokota mawe njiani kama maembe.

Siku ya nne, samaki wawili walikufa. Siku ya saba hakubaki hata mmoja. Mdogo wangu alikuwa akipenda kutia mkono ndani ya maji, nami nikamwona juzi yake akishika chupa ya Javel. Sikuuliza. Nikampiga. Akalia: «Yaya, haiko miye!» Nkambo akaniambia: «Mwana, kwanza angalia, kisha upige.» Sikumsikia.

Mjomba akanipa wengine 6. Nikafikiri: pengine ni klore ya robine. Basi nikakinga maji ya mvua, nikaosha kioo, nikaosha mawe vizuri, nikamkataza mdogo wangu kukaribia. Siku tatu tu, wote wamekufa! Na safari hii hakuna mkono wa mtoto uliogusa maji.

Nikaenda kwa mwalimu wetu wa kemia. Akacheka, akasema: «Umebadilisha vitu vingi kwa mara moja, utajua namna gani? Badilisha kimoja tu.» Nikachukua beseni mbili za plastiki, maji yale yale ya mvua, samaki wawili huku na wawili huku. Katika moja niliweka mawe, katika nyingine hapana. Asubuhi ya tatu, wale wa mawe walikuwa juu ya maji wakifungua vinywa. Nikawatoa haraka, lakini mmoja alikufa. Wale wengine walikuwa wanacheza.

Mwalimu akaponda kipande cha jiwe, akatia ndani ya siki. Likatoa mapovu, siki ikawa na rangi ya kijani na bluu. Akatumbukiza msumari safi. Baada ya muda ukawa mwekundu. Ile rangi ni shaba iliyotoka katika jiwe! Malakite ina shaba zaidi ya nusu ya uzito wake. Katika maji inayeyuka kidogo sana, ila maji ya mvua yana asidi kidogo na hayana chokaa, basi yanaitoa zaidi, na humo shaba ni kali zaidi kwa samaki. Inaharibu mashavu yao, ambayo ndiyo mapafu yao. Shirika la Afya Duniani linakubali hadi miligramu 2 za shaba katika litri moja ya maji ya kunywa ya watu, lakini aina nyingi za samaki hufa kwa kiasi kidogo sana kuliko hicho. Klore nayo huua: maji ya robine yakae kwanza siku nzima ndani ya ndoo wazi.

Basi muuaji alikuwa mimi, na mawe yangu ya urembo. Tena nilipoyaosha vizuri, nilifikiri ninasaidia.

Jioni ile nilimwita mdogo wangu mbele ya nkambo, nikamwomba msamaha. Akanyamaza muda mrefu, nikaogopa. Kisha akasema: «Basi sasa ni miye nitapatia samaki chakula.» Nikamkubalia. Wale watatu waliobaki wangali hai mpaka leo, na chini yao kuna mchanga tu.

Wenzangu, msumari na siki ni rahisi kupata. Kofi ulilokwisha kulipiga halirudi mkononi.

Mwanafunzi wa mwaka wa 4, Kemia-Biolojia